Mgeni Amefika, Maji Yamekupwa: Kisa cha Wapiga Picha Mikindani

Saa 5 na dakika 10 asubuhi Coaster ilisimama Mikindani, kilomita zipatazo 11 kutoka Mtwara mjini, ikashusha wapiga picha 26 wa chama kimoja na mgeni wao. Ilikuwa Jumamosi, wiki ya tatu ya Oktoba. Jua lilikaribia utosi. Maji yalikuwa yamekupwa, ghuba imebaki tope na madimbwi, ngalawa zimelala ubavu. Kila aliyevua kifuniko cha lenzi alikuta kioo kimefunga ukungu mweupe, kama kimepuliziwa pumzi. Mgeni, mpiga picha wa majengo wa miaka mingi, alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima kutoka Dar es Salaam kuja kufundisha namna ya kupiga picha mji wa kale. Sasa mji wa kale ulikuwa mbele yake, katika saa mbaya kuliko zote za siku.

Hakuna aliyezembea, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Kamati ilifanya kazi kwa wiki 6, ukumbi ulilipwa mapema, chai na vitumbua vilitosha, mgeni alipokewa stendi kwa heshima zote. Kilichoharibika kiliharibika kwenye karatasi ya ratiba, zamani kabla ya mtu yeyote kugusa kamera.

Chama chenyewe kinakusanya wapiga picha wa Mtwara na Lindi. Wengi wanaishi kwa harusi, sendofu, mahafali na picha za pasipoti. Wachache ni walimu na watu wa ofisini wanaopenda kamera. Siku hiyo kamera za lenzi za kubadilisha zilikuwa 14, waliobaki walikuja na simu. Shughuli za chama ni zilezile za vyama vya picha kila mahali: mkutano wa mwezi, uhakiki wa picha za wanachama, ziara ya pamoja, na mara mojamoja mgeni mzungumzaji. Mgeni ndiye mwenye gharama kubwa. Nauli, malazi na bahasha ya shukrani vinaweza kumaliza michango ya miezi kadhaa, kwa hiyo saa zake zikipotea hazirudi.

Ratiba ya Jumamosi ilisomeka hivi: hotuba saa 2 hadi saa 4 na nusu, chai, ziara ya Mikindani saa 5 hadi saa 7, chakula, uhakiki wa picha saa 9 na nusu hadi saa 11 jioni. Jumapili ilikuwa ya vyeti na mapumziko, mgeni aondoke Jumatatu alfajiri. Kwa semina ya kawaida ni ratiba nzuri. Kwa upigaji picha ilikuwa imegeuzwa juu chini.

Jua la Oktoba

Mtwara ipo nyuzi 10 na kitu kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya mji mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 21 Februari na karibu tarehe 20 Oktoba. Kamati ilikuwa imechagua mojawapo ya wiki hizo mbili bila kujua. Saa 5 asubuhi mtu wa kimo cha sentimita 170 alitupa kivuli kisichofika nusu mita. Saa 6 kivuli kilikuwa chini ya nyayo zake.

Mwanga wa namna hiyo huangukia paji la uso, pua na mashavu, na macho yanabaki mashimo mawili meusi. Kwenye mlango wa nakshi hasara ni kubwa zaidi. Nakshi huonekana kwa sababu mwanga wa ubavuni unaweka kivuli chembamba kando ya kila mchongo. Ndicho kinachotenganisha ua na jani, mnyororo na ubao. Milango mingi ya nyumba za zamani za Mikindani iko chini ya varanda au ukingo wa paa. Adhuhuri mlango unakaa kwenye giza tulivu, hauna kivuli wala mng'ao, huku udongo wa njia mbele yake ukiwaka. Kamera ikipimia udongo, mlango unakuwa mweusi. Ikipimia mlango, njia inakuwa nyeupe tupu.

Wiki hiyo jua lilichomoza dakika chache kabla ya saa 12 asubuhi. Ilipofika saa 1 kivuli cha mtu yuleyule kingefika karibu mita 6, maana yake mwanga ungekuwa unaingia kwa ulalo hadi chini ya varanda. Muda wa kazi ulikuwa kati ya saa 12 na saa 2 na nusu. Ulipita wakati watu wengine wanapiga mswaki na wengine wamekaa ukumbini. Wapo waliosema baadaye kwamba ziara ingehamishiwa jioni. Jioni inafaa, ila kuta zinazotazama mashariki zinakuwa kivulini, na asiyeijua Mikindani hujikuta anapiga migongo ya nyumba.

Maji

Hakuna aliyemuuliza mvuvi. Kwenye pwani yetu siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu mpangilio unakaribia kugeuka, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Kwenye bamvua inaweza kupita mita 3. Jumamosi hiyo ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu. Mwenye hesabu hiyo angejua kwamba saa 12 asubuhi ghuba ingekuwa bado ina maji mengi, yametulia, yanabeba sura ya minazi na kuta. Na kwamba saa 5 pangekuwa tope.

Tope si baya lenyewe. Kuna picha nzuri sana za maji yaliyokupwa. Lakini hotuba ya asubuhi ilikuwa imeonyesha majengo yanayojitazama majini, na wanachama walikuja wakiitafuta picha hiyo. Walipoikosa waligeukia kitu kingine, na hapo ndipo lilipotokea jambo zito la siku.

Bi mkubwa mwenye mtaimbo

Bamvua ikikupwa, akina mama hushuka kuchokoa pweza na kuokota chaza. Karibu saa 5 huanza kupanda, nguo zimelowa hadi magotini, ndoo kichwani. Hawakuwa sehemu ya ratiba. Ratiba ndiyo iliyowakuta, na wapiga picha 26 wasio na jengo la kupiga waliwaelekea kwa pamoja.

Bi mkubwa mmoja, ndoo kichwani na mtaimbo mkononi, alisimama. Kijana wa kwanza alikuwa ameshapiga tano. Wa pili alisogea hadi hatua mbili kutoka usoni pake.

"Mwanangu, umenisalimu?"

Kijana akashusha kamera. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa hizo za kabla ya shikamoo zifute."

Alizifuta palepale, na alifanya vema. Lakini wenzake waliokuwa nyuma walikuwa na zao, na kabla Coaster haijaondoka picha 11 za akina mama wale zilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la chama. Jioni mojawapo ilipotokea ukutani, mwanachama mwenyeji wa Mikindani alisimama akasema kwamba yule ni shangazi yake, na kwamba amekwishakataa. Picha ilikuwa nzuri. Mwanga wa juu uliokuwa umeharibu nyuso zote safari hii ulikuwa umepiga ngozi ya pweza iliyolowa ukaifanya ing'ae kama fedha. Ilifutwa kwenye kadi, kwenye kompyuta na kwenye kundi, pamoja na zile 10 nyingine. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na chama kinachotaka kurudi Mikindani hakina uamuzi mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini ustaarabu wa pwani ulikuwepo kabla yake: mtu husalimiwa kwanza.

Kwenye ziara ya kundi kosa hili lina chanzo kinachojulikana. Mtu mmoja akipiga bila kuomba, wa pili anadhani idhini imeshatolewa, wa tatu anadhani ndiyo kawaida ya mahali. Dawa yake ni kupunguza kundi. Watu wanne au watano kila njia, kiongozi mmoja mwenyeji, kamera zinaning'inia shingoni hadi salamu iishe. Siku moja kabla, mwenyekiti wa mtaa aarifiwe ni watu wangapi wanakuja na kwa saa ngapi. Na kuomba ruhusa ni maswali matatu tofauti: naomba nipige, naomba niionyeshe kwenye maonyesho ya chama, naomba niiweke mtandaoni. Wengi hukubali la kwanza na kukataa la tatu, na jibu hilo liandikwe kwenye daftari pamoja na namba ya simu ya kupelekea nakala. Kwa mikoa hii liongezwe jambo jingine bila mjadala: mambo ya jando na unyago hayapigwi picha kwa sababu tu ngoma imesikika njiani.

Ukungu

Hili ni dogo, linakera, na linazuilika bila gharama. Kiyoyozi cha ukumbi kiliwekwa nyuzi 20 tangu saa 2. Mabegi yalikaa humo zaidi ya saa mbili na nusu, kisha yakaingia kwenye Coaster yenye kiyoyozi kingine. Nje palikuwa na nyuzi 30 na unyevu wa pwani. Kwa joto hilo, unyevu wa asilimia 70 unatosha kugeuka maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24. Vioo vya lenzi vilikuwa na nyuzi 20 au 21.

Walichofanya wengi ni kufuta kwa ncha ya shati. Ukungu ukarudi baada ya sekunde kumi, na kila mfuto ukaburuta chembe za chumvi na mchanga juu ya utando laini wa lenzi. Wawili walibadilisha lenzi papo hapo. Kwao ukungu uliingia ndani, juu ya kihisi chenyewe, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ambako hakuna kitambaa kinachofika salama. Ilichukua dakika 20 hadi 25 vioo kupata joto na kukauka vyenyewe.

Kinga yake ni mfuko wa plastiki. Kamera ifungwe ndani yake ikiwa bado chumbani kwenye baridi, hewa ibanwe itoke, mdomo ufungwe kwa zipu au fundo. Ikitoka nje, umande unatanda juu ya plastiki badala ya kioo. Baada ya nusu saa, au dakika 45 kwa lenzi nzito, mfuko unafunguliwa. Aliye na mlango wa kwenda nje anaweza pia kuacha begi varandani tangu mwanzo wa hotuba, akimweka mtu wa kulinda. Jioni, baada ya upepo wa bahari, mwili wa kamera upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Na nyumbani kamera isikae kwenye begi la ngozi wala kabatini. Ukuvu huota ndani ya lenzi kwenye unyevu na giza, nyuzi zake hutanda kama utando wa buibui, na fundi wa kufungua lenzi hapatikani kila mji. Ndoo kavu ya plastiki yenye mfuniko na pakiti za silika, zile punje zinazonyonya unyevu, inatosha. Silika ikibadilika rangi ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, irudi kazini. Mchele unaotumiwa na wengi una vumbi lake, na vumbi hilo huingia kwenye pete za lenzi.

Ukuta wa saa 9 na nusu

Alasiri wanachama waliambiwa kila mmoja atoe picha 5. Zikawa 130. Dakika 90 ukizigawa kwa 130 unapata sekunde 41 kwa picha moja, humo humo ifunguliwe, mwenye nayo ajitambulishe, mgeni atazame, aseme. Baada ya picha ya 30 mgeni alikuwa anasema "nzuri, inayofuata". Alifanya hivyo kwa kuwa muda haukumpa nafasi nyingine.

Kuona kwenyewe kulikuwa taabu. Projekta iliyokodiwa ilikuwa ya lumeni 3,000, lumeni ikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Picha ilitandazwa kwa upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.35, eneo la mita za mraba 3.24, kwa hiyo kila mita ya mraba ilipata lumeni 926 hivi. Ukumbi una madirisha ya luva, mapazia mepesi, na jua la alasiri nje. Programu ya kupimia mwanga kwenye simu ilionyesha kama luksi 300 ukutani, yaani lumeni 300 kwa kila mita ya mraba, projekta ikiwa imezimwa. Sehemu nyeupe kabisa ya picha ikawa na 1,226, na nyeusi kabisa 300. Nyeupe iliizidi nyeusi mara 4 tu. Kivuli chochote chenye maelezo ndani yake kilizama: nakshi, nywele, uso wa mtu aliyekaa mlangoni. Picha zilizokuwa sawa zilihukumiwa kuwa zimefifia, na waliozipiga walirudi kwenye viti wakiamini wamekosea. Hilo ni dhuluma kwa mwanachama, na halina haja ya kutokea.

Kulikuwa na makosa mengine mawili humo ndani. Projekta iliwekwa kwenye hali ya kung'aa zaidi, ambayo kwa mashine nyingi huongeza mwanga kwa kuongeza ukijani. Ngozi za watu zikawa na rangi ya mgonjwa. Na picha sita zilikuwa zimehifadhiwa kwa wigo wa rangi wa Adobe RGB, programu ya kuonyeshea haikuusoma, rangi zikapooza. Ukuta pia ulikuwa wa krimu, lakini ukilinganisha na hayo mengine, ukuta haukuwa na kosa kubwa.

Mada iliyokosa swali

Haya yote ni ya vifaa na saa, na yanarekebishika kwa siku moja. Lililo chini yake ni jinsi mgeni alivyoalikwa. Barua ilimwambia: tunaomba utoe mada kuhusu upigaji picha wa majengo ya kale. Akaja na slaidi 74, nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zimepigwa kwa lenzi ya kunyoosha mistari ambayo hakuna mwanachama aliye nayo, juu ya tripodi, kwa ruhusa ya siku nzima. Alizungumza kwa ufasaha dakika 150. Maswali yalikuwa matatu, na mawili yalihusu bei ya lenzi.

Hakuambiwa kwamba nusu ya ukumbi inapiga kwa simu. Hakuona hata picha moja ya mwanachama kabla ya kupanda basi. Hakujua kwamba picha ya jengo wanayoihitaji watu hawa mara nyingi ina maharusi mbele yake, na kwamba shida yao ya kila wiki ni kanzu nyeupe na uso mweusi ndani ya fremu moja, mbele ya ukuta wa chokaa. Mzungumzaji mwenye ujuzi akipewa mada hujibu mada. Akipewa picha mbovu 10 za wenyeji wake hujibu picha hizo, na kila mtu aliye ukumbini anaona kwamba anaongelewa yeye. Chama kinachotumia fedha zake zote kumleta mtu kutoka mbali kisha kisimwoneshe kazi zake kinajinyima kile hasa kilichomleta.

Jumamosi usiku

Kamati ilikaa na mgeni baada ya chakula cha jioni. Katibu alisoma ratiba upya kwa sauti, mvuvi mmoja alipigiwa simu, na kwa dakika 40 Jumapili yote ilipangwa tena. Vyeti vilisogezwa. Mwenyekiti wa mtaa aliombwa radhi kwa simu usiku uleule na kuulizwa kama asubuhi watu 20 wanaweza kurudi kwa makundi. Akakubali kwa sharti kwamba kila kundi liwe na kijana wa Mikindani. Hoteli ya Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1895 lililo mteremkoni juu ya mji, nayo iliombwa ruhusa ya kuingia uani saa 12 na nusu.

Mgeni aliomba kitu kimoja: picha 10 za wanachama zilizowashinda, za majengo na za harusi, zitumwe kwake bila majina kabla ya saa 4 usiku. Zilikuja 17.

Gari liliondoka Mtwara mjini saa 11 na robo alfajiri. Kamera zilikuwa zimelala kwenye vyumba visivyo na kiyoyozi, au ndani ya mifuko. Maji yalikuwa yamejaa karibu saa 11 na nusu, kwa hiyo saa 12 yalikuwa yameanza tu kutoka. Makundi yalikuwa matano.

Mbele ya nyumba moja ya ghorofa ya mawe ya matumbawe mgeni alifundisha, kwa robo saa, kile ambacho slaidi 74 hazikukifikisha. Mistari ya jengo hukutana juu kwa sababu kamera imeinamishwa kutazama juu. Kamera ikisimama wima kabisa, mistari inasimama. Tatizo linabaki kuingiza paa ndani ya fremu, na hilo ni suala la hatua za kurudi nyuma. Nyumba ya kimo cha mita 9, kamera kwenye kimo cha jicho, mita 1.6: juu ya jicho kuna mita 7.4. Lenzi ya milimita 18 kwenye kamera za kawaida za wanachama, ikishikwa kwa wima, upande mrefu wa fremu ukielekea juu, inaona juu yake mita 0.65 kwa kila mita unayorudi. 7.4 ukigawa kwa 0.65 unapata mita 11 na kitu. Lenzi kuu ya simu nyingi inakaribia hapohapo, kwa hiyo mwenye simu hana udhuru na hana unyonge. Sehemu kubwa ya nusu ya chini ya fremu itakuwa udongo. Ikatwe baadaye, au atafutwe mtu, baiskeli, kivuli cha mnazi vya kuijaza. Njia ikiwa nyembamba, chini ya mita 11, acha kutaka jengo zima. Piga mlango. Waliopima kwa hatua walikuta nyumba mbili tu kwenye njia ile zina nafasi ya kutosha mbele yake, jambo ambalo lilimaliza ubishi kuhusu bei za lenzi.

Kwenye ukuta mweupe wa Boma somo lilikuwa la kipimo cha mwanga. Kamera haijui kwamba ukuta ni mweupe. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, inapunguza mwanga, na ukuta unatoka kama majivu. Kitufe cha kuongeza na kupunguza kisogezwe hadi +1, histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye picha, itazamwe isiguse ukingo wa kulia. Akiingia mtu mwenye kanzu, ukuta na kanzu vinaweza kuongezwa pamoja bila shida, lakini uso wake ukiwa kivulini na nyuma yake kukiwa na bahari inayong'aa, kipimo cha fremu nzima kitamwacha gizani. Pima uso peke yake, au mgeuze bahari iwe nyuma yako. Kwa harusi njia iliyo rahisi zaidi ni kumsimamisha mtu hatua moja ndani ya mlango ulio wazi, uso unaelekea nje: anga yote inakuwa taa kubwa laini, nyuma yake kuna giza, na kanzu haikwaruzwi na jua. Wapiga picha wa harusi walikaa kwenye mlango mmoja dakika 30, wakipokezana kuwa bwana harusi.

Saa 2 na nusu kamera zilirudi mabegini. Akina mama walikuwa hawajaanza kushuka.

Uhakiki ulihamishiwa saa 1 usiku. Picha ilipunguzwa hadi upana wa mita 1.6 na kimo cha mita 0.9, viti vikasogezwa mbele. Eneo la mita za mraba 1.44 linaweza kupata hadi lumeni 2,083 kwa mita ya mraba. Taa zikizimwa na luva zikizibwa kwa vitenge vizito, ukuta ulibaki na kama 30. Nyeupe ingeweza kuizidi nyeusi hadi mara 70. Kabla ya picha ya kwanza ilionyeshwa faili la majaribio, mistari 11 kutoka nyeusi hadi nyeupe. Mistari miwili ya giza ya mwisho ilitenganika kwa macho ya aliyekaa nyuma kabisa, ndipo kazi ikaanza. Projekta iliwekwa kwenye hali ya sinema. Kila mwanachama alitoa picha 1, faili la JPEG, rangi za sRGB, wigo unaosomwa na programu nyingi, upana usiozidi nukta 1,920 na kimo kisichozidi 1,080, lililotumwa kama hati ili WhatsApp isilibane. Picha 26 kwa dakika 3 kila moja ni dakika 78, na hazikuzidi. Mgeni alipitia pia zile 17 zilizowashinda watu, tena polepole. Maswali yalimzuia ukumbini hadi saa 4.

Havikurekebishwa vyote. Wanachama wanne kutoka Lindi walikuwa wamesharudi Jumapili mchana kwa sababu ya kazi, wakatuma picha zao na kukosa uhakiki. Picha 9 kati ya 26 zilikuwa za mbele ya Boma, zinafanana, kwa kuwa makundi matatu yalipangiwa njia moja kwa makosa. Na siku za mgeni bado zinapangwa kwa upatikanaji wa ukumbi. Kalenda ya jua na mwezi ya mwaka ujao imebandikwa ofisini kwa katibu, lakini ukumbi wa kukodi ni mmoja, na mwenye nao ana wateja wengine.

Nakala za karatasi zilipelekwa Jumatano, inchi 5 kwa 7, picha 9 kwa watu 7 walioandikwa daftarini. Aliyezipeleka ni kijana yuleyule wa Jumamosi. Jumapili asubuhi alikuwa amekwenda kwa bi mkubwa, akiongozwa na yule mwanachama mpwa wa bi mkubwa, kamera ikiwa begini, akaomba radhi, akakaribishwa kahawa. Bi mkubwa alikubali ipigwe mikono yake na mtaimbo, bila uso, na hiyo ndiyo iliyozungumzwa zaidi usiku ule ukumbini. Kisha akaingia ndani, akatoka na kanga mpya, akasimama mlangoni kwake, jua la saa 1 likimpiga ubavuni, akamwambia kijana apige. Hiyo ya pili haikuonyeshwa ukutani wala kutumwa kwenye kundi. Daftarini, mbele ya jina lake, imeandikwa: nakala 2, moja yake, moja ya binti yake aliye Newala.